Umeme Uliotia Sumu Maziwa

Kuna umeme unaotokana na madini ya urani. Huitwa umeme wa nyuklia. Tarehe 26 Aprili 1986, mtambo wa umeme huo ulilipuka huko Chernobyl, nchini Ukraine. Sumu yake haionekani wala hainuki. Upepo uliichukua, ikaangukia majani. Ng'ombe walikula majani. Watoto walikunywa maziwa. Miaka iliyofuata, watoto wengi walipata saratani ya tezi ya shingo. Watu walihamishwa. Mpaka leo hairuhusiwi kulima karibu na mtambo huo.

Umeme wa jua nao una gharama. Lakini sola ikiharibika, nyumba inakuwa giza tu, kijiji hakihami.

Tena, tusipoteze nishati tuliyo nayo. Zima taa usiyoitumia. Jenga jiko linalotumia kuni chache. Kidogo ukikitunza, kinatosha.