Nyota Izungukayo Mara 401 kwa Sekunde

Askari aliyezoea lindo la usiku huijua mbingu kuliko raia alalaye. Lakini katika kundi la nyota liitwalo Mshale imo moja ambayo mlinzi haioni, hata awe na macho makali namna gani. Habari zake zilitufikia kwa eksirei, na zilipitia Malindi, nchini Kenya.

Septemba 1996 setilaiti ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, iliinasa milipuko ya nyota hiyo na kuteremsha habari katika kituo cha Malindi. Pwani hiyo si ngeni katika kazi hii: setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za mbinguni ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru. Nyota yetu iliitwa SAX J1808.4-3658, jina ambalo hatumlazimishi mtu kulikariri.

Ni nyota ya nyutroni. Uzito wake wapita ule wa Jua, na upana wake ni kama kilometa 20, mwendo wa asubuhi moja kwa kikosi cha miguu. Huinyang'anya gesi nyota ndogo iliyo mwenzi wake. Gesi hurundikana juu ya uso wake, ikashindiliwa, ikapata moto, hata ikalipuka yote kwa pamoja kwa nguvu za nyuklia. Mlipuko wa Agosti 2019 ulitoa kwa sekunde 20 nishati ambayo Jua hutoa kwa karibu siku 10.

Aprili 1998 setilaiti ya Marekani iliyoitwa Rossi ilionyesha kwamba eksirei zake hupwita mara 401 kwa sekunde, kila pigo mzunguko mmoja. Bunduki ya rashasha ipigayo risasi 600 kwa dakika ni kobe. Nyota hii hupiga mara 24,060.

Hata hivyo palikuwa na ubishi. Zipo nyota nyingine zisizopwita, ila milipuko yao humetameta upesi. Je, kumetameta huko ndiko kasi ya mzunguko, au ni maradufu yake? Oktoba 2002 nyota yetu ilishuhudiwa ikilipuka mara 4, na milipuko ikametameta kwa 401 ile ile. Polisi waelewa maana ya alama za vidole zinapolingana.

Tangu hapo kasi za nyota hizo nyingine zikasomeka. Iliyoongoza miongoni mwa zilizopimwa wakati ule ilizunguka mara 619, ingawa nyota ya namna hiyo yaweza kuhimili zaidi ya 1,000 kabla ya kupasuka. Kuna breki mahali fulani, nao wataalamu wanaitafuta.