Unauza gia za baiskeli zisizo na waya? Soma hapa kabla hujaagiza



Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza hapa Afrika, mimi naulizwa sana gia zisizo na waya. Zile za Kichina za bei nafuu zimefika, na wateja wanazitaka. Faida ipo, ila na hasara ipo. Mimi nilishaionja.

Tangazo langu la kwanza niliandika "seti ya gia na breki, zote hazina waya". Nilinakili tu maneno ya aliyeniuzia. Mteja akafungua boksi, akakuta mipira miwili mirefu. Akanipigia: "Mdogo wangu, hii mipira ni ya nini tena?" Alikuwa sahihi. Nikarudisha hela yake yote, na nauli ya basi nikalipa mimi.

Kumbe kisicho na waya ni GIA, siyo BREKI. Ukibonyeza kitufe, ishara inaenda kwa redio hadi gia ya nyuma, mota ndogo inasogeza mnyororo. Breki bado inatumia nguvu ya vidole vyako, inayopita kwenye mafuta ndani ya mpira au kwenye waya wa chuma. Na ni vizuri iwe hivyo. Betri ikiisha, gia inabaki pale ilipo, lakini breki inashika kama kawaida.

Sasa kwa nini vinauzwa pamoja? Kwenye usukani uliopinda chini, kitufe cha gia kimo ndani ya mkono wa breki. Kwenye usukani ulionyooka, ni vitu viwili tofauti. Hapo ndo kwenye unafuu: mteja anaweza kununua gia tu, breki zake zikabaki.

Kabla hujapokea hela, muombe mteja picha za baiskeli yake na umuulize haya:

1. Usukani umepinda au umenyooka?
2. Breki ni za diski au za kubana rimu? Fremu ya kubana rimu haina pa kufunga breki ya diski. Kama ni diski, piga picha pale breki inapofungwa, maana kuna zinazolala bapa kwenye fremu na kuna zinazosimama kwenye vishikio viwili. Haziingiliani hivi hivi.
3. Nyuma kuna gia ngapi? Nyingi zinataka idadi yake maalumu. WheelTop EDS OX inakuruhusu kuchagua idadi kwenye programu ya simu, kwa hiyo gia za zamani za nyuma zinaweza kubaki.
4. Anataka isiyo na waya kabisa, au nusu? Shimano 105 Di2 na L-Twoo eRX mikono yake haina waya, lakini betri iko ndani ya fremu na ina waya kwenda kwenye gia. Liandike hilo kwenye tangazo.

Kuhusu usafirishaji: betri za lithiamu zinahesabiwa mzigo hatari kwenye ndege, hasa zikiwa peke yake nje ya kifaa. Mwambie wakala mapema. Hakikisha chaja imo kwenye boksi.

Kufunga, mpe fundi. Ila wewe jua hatua:

- Chaji betri, kisha unganisha mkono na gia kwa kufuata karatasi ya maelekezo.
- Kipande cha fremu kinachobeba gia ya nyuma kiwe kimenyooka. Kikipinda, hata gia ya bei kubwa itaruka.
- Weka mipaka ya mwisho pande zote mbili, mnyororo usiingie kwenye spoki.
- Mafuta ya breki yasomwe kwenye kifuniko. Shimano wanatumia mafuta ya madini, breki nyingi za SRAM zinatumia DOT. Ukibadilisha, mpira wa ndani unaharibika na breki inakufa.
- Tone la mafuta lisiguse diski wala pedi.
- Kabla ya kutoka barabarani, bana breki kwa nguvu na ushikilie. Mkono ukizama hadi kwenye usukani, ndani kuna hewa. Baiskeli isitoke.

Hiyo ya mwisho usiichukulie poa. Gia ikigoma, mteja atakukasirikia tu. Breki ikigoma akiwa mteremkoni mbele ya daladala, hakuna hela ya kurudisha.

Kwa hiyo leo fungua matangazo yako. Ukikuta "breki isiyo na waya", futa, andika "gia isiyo na waya, breki ya mafuta". Mteja wa kweli hakimbii ukweli.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza spea za baiskeli.