Kompyuta Haisemi, Inasemeshwa



Katika viwanda vya maziwa vya Mbarara na mashamba ya chai ya Bushenyi, tukiuliza kwa nini mshahara umepungua, mara nyingine tunajibiwa, "Ndivyo kompyuta ilivyosema." Basi tutazame kompyuta inavyopiga hesabu.

Chukua kiwanja cha mraba chenye eneo la mita za mraba 50. Upande mmoja una mita ngapi? Kompyuta haijui. Hufundishwa kukisia, tuseme 7. Hugawa 50 kwa 7, hupata 7.14. Hujumlisha 7 na 7.14, hugawa kwa 2, hupata 7.07. Zidisha 7.07 kwa 7.07, utapata 49.98. Ikirudia, hukaribia zaidi. Njia hii ilielezwa na Heron wa Alexandria, nchini Misri, karibu miaka 2,000 iliyopita.

Mwaka 1948 huko Marekani, kompyuta ENIAC, yenye uzito wa tani zipatazo 30, ilipewa hesabu za nyutroni. Kiini cha urani kikipasuka hutoa nyutroni mbili au tatu. Kila moja yaweza kupasua kiini kingine, kumezwa bure, au kutoroka nje. Stanislaw Ulam na John von Neumann walishauri mashine ipige kura kwa kila nyutroni, kisha matokeo yahesabiwe pamoja. Mpasuko mmoja ukizaa mmoja, moto wa riakta hubaki sawa, ukizaa pungufu, huzimika, ukizidi, hukua. Maagizo ya mashine yaliandikwa na watu, akiwemo mama Klara von Neumann.

Hesabu hizo hazikuwa mbali nasi. Urani nyingi ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la wafanyakazi wa Kongo, nchi walikotoka wenzetu wengi wa Nakivale. Riakta ya kwanza ya Afrika nayo iliwashwa Kinshasa mwaka 1959.

Tunajifunza nini? Mashine hufuata maagizo tu. Karani akiingiza siku 22 badala ya 26, kompyuta italipa siku 22 bila haya.

Kwa hiyo kila mmoja awe na daftari. Andika siku ulizofanya kazi, kilo ulizochuma, na kiwango cha malipo. Zidisha mwenyewe. Ukiona tofauti, peleka daftari na hati ya mshahara kwa mwakilishi wa chama. Tukienda pamoja na hesabu mkononi, tutasikilizwa.

Umoja ni nguvu.