"Presently": Kielezi cha Kiingereza na Mtego Wake kwa Mfasiri

Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na kielezi "presently", mara nyingi huandika "sasa" na kuendelea na kazi. Makala haya yanadai kwamba uamuzi huo ni sahihi katika matini moja na ni kosa katika nyingine, na kwamba cha kumwongoza ni njeo ya kitenzi pamoja na umri wa matini.

Tutazame mifano hii:

(1) The minister is presently in Arusha.
(2) The minister will presently leave for Arusha.

Katika (1) kitenzi kimo katika wakati uliopo, na maana ni kwamba Waziri yuko Arusha kwa sasa. Katika (2) njeo ni ya wakati ujao, na kielezi hakina budi kufasiriwa "punde" au "baada ya muda si mrefu". Masimulizi ya wakati uliopita nayo hufuata (2). Wapo Waingereza wanaoyalaumu matumizi ya (1) kuwa ni uzushi wa Kimarekani. Lawama hiyo haina msingi: matumizi hayo ni ya tangu karne ya 15, na ingawa waandishi wa Uingereza waliyaepuka baada ya karne ya 17, yaliendelea Uskoti na Marekani.

Ugumu zaidi umo katika matini kongwe. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, mtini uliolaaniwa (Mathayo 21:19) unanyauka "presently", yaani papo hapo, mbele ya macho ya wanafunzi. Ajuaye maana ya "punde" pekee atadhani mti ulichukua muda wake, na muujiza utapungua. Kielezi hiki hakikuteleza peke yake. "Soon" na "anon" pia yalianza na maana ya mara moja, kadhalika "by and by". Katika Marko 6:25 ya tafsiri hiyohiyo, binti wa Herodia anadai kichwa cha Yohana "by and by". Kwa sikio la leo, ni kama asemaye kije wakati wowote kitakapopatikana.

Chanzo, kwa maoni yetu, ni wasemaji wenyewe: aahidiye kutenda mara moja huchelewa, na neno likabeba ucheleweshaji wake. Kiswahili nacho hakikusalimika. Fundi cherehani asemapo "nakuja sasa hivi", mteja hutafuta pa kukaa. Kwa hiyo "sasa hivi" halifai kufasiria (1). "Kwa sasa" ni salama zaidi. Kwa matini ya 1611, "mara" au "papo hapo" yatosha.