Skania: Dumuzi Aliyeshukia Urambo

Mweke dumuzi mmoja kiganjani umtazame. Ana milimita 3 hadi 4 hivi, rangi ya kahawia iliyokolea, na nyuma amekatika ghafla kana kwamba kapitiwa na msumeno. Ukimwangalia kutoka juu huoni kichwa. Kimeinama chini ya kifua, meno yakielekea anakotoboa. Umbo hilo ni la kurithi. Ukoo wake ni wa wadudu watoboa miti, na hata leo anaweza kuishi porini kwenye matawi makavu, asione punje ya mahindi.

Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Huku Afrika alitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 wilayani Urambo, mkoani Tabora, na inadhaniwa aliingia na mahindi yaliyoagizwa kutoka nje. Wakulima walipoona mahindi ya ghalani yanageuka vumbi wakambatiza Skania, jina la lori. Na kweli, ingawa anaruka, safari zake ndefu huzifanya akiwa amepakiwa pamoja na magunia.

Kwa mdudu msafiri, Tabora ni kituo cha maana. Misafara ya biashara kutoka Bagamoyo ilipumzika hapa kabla ya kushika njia ya Ujiji, na reli iliyofuata inagawanyika hapahapa kwenda Kigoma na Mwanza. Funza wa miguuni, naye mzaliwa wa Amerika, alivuka bara hili karne ya 19 kwa miguu ya wapagazi, akitokea magharibi. Dumuzi naye hakukawia: mwaka 1983 alikuwa ameshafika Taveta, Kenya, na baadaye Burundi, Malawi, Zambia na Rwanda.

Waliopima mahindi ya wakulima wa Tabora miaka hiyo walikuta mengine yamepoteza hadi theluthi ya uzito ndani ya miezi 3 hadi 6. Siri moja ya dumuzi ni harufu. Dume akipata chakula hutoa harufu inayowaita madume na majike pia. Siri nyingine ni gunzi. Punje iliyoshikwa kwenye gunzi haisogei, kwa hiyo anapata pa kujikaza anapotoboa. Ndiyo maana wakulima walishauriwa wapukuchue kwanza, kisha watie dawa. Dawa yenyewe ilikuwa mtihani, kwani iliyozoeleka kwa fukusi, mdudu mwingine wa ghalani, haikumtosha dumuzi, na iliyommaliza dumuzi haikumtosha fukusi. Ikabidi zichanganywe mbili katika unga mmoja.

Je, mahindi yenyewe hayawezi kujitetea? Mwaka 1999 kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, walianza mradi wa mahindi yanayostahimili wadudu. Jaribio la ghala ni la kuchosha: unatia punje kwenye chupa, unawatia madumuzi, unangoja karibu miezi 3, kisha unachekecha na kupima unga waliouacha. Unga ukiwa kidogo, mbegu ni ngumu. Kinachozuia ni ganda, hasa kemikali zinazofunga kuta za seli zake. Ila ganda la punje ni mwili wa mama. Haliwezi kukueleza mmea utakaoota humo utazaa punje za namna gani.

Hapo ndipo alama za vinasaba zinapofaa. Alama ni mahali panapojulikana kwenye DNA, jirani na jeni unayoitafuta, kiasi kwamba viwili hivyo hurithiwa pamoja mara nyingi. Mtafiti anakata kipande cha jani la mche, anasoma alama, anang'oa miche isiyofaa hata kabla haijachanua.

Kwenye ngano mambo yana wepesi wake. Dhidi ya kidukari wa ngano wa Urusi, aliyeonekana Kenya mwaka 1995, jeni moja ya kundi liitwalo Dn yaweza kutosha, na alama moja inaifuata. Lakini mwaka 2003 kule Colorado, Marekani, kikatokea kizazi cha vidukari kilichoishinda Dn4, ngao iliyotegemewa na wakulima. Tofauti na ngano, ugumu wa mahindi umetawanyika kwenye jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Kuzikusanya ni kazi ya miaka, na alama moja haitoshi. Mimi ningechagua taabu hiyo, maana mdudu naye atalazimika kushinda vikwazo vingi, si kimoja.

Sehemu ya lawama ni yetu. Kwa muda mrefu mbegu zilichaguliwa kwa kuhesabu magunia shambani, ghala likasahauliwa, na punje laini zikapita. Kwa upande wa ghala, sasa inauzwa mifuko isiyopitisha hewa, inayomkosesha mdudu oksijeni. Inasaidia sana, mradi mahindi yawe yamekauka na mfuko ufungwe barabara. Ila madumuzi wakiwa wengi, baadhi yao huitoboa plastiki kabla pumzi haijawaishia.