Mgeni wa Merere na mgeni wa Yerusalemu

Mtu wa Rujewa akijitambulisha kuwa ni Msangu mbele ya watu waliosoma historia, hakawii kuulizwa: "Si nyie mliomsaidia Mjerumani dhidi ya Mkwawa?" Huulizwa kwa kicheko, lakini linauma. Mimi naona swali lenyewe limekaa upande, na kulinyoosha itabidi nianzie mbali, kwa Wayahudi na Warumi, maana wengi wetu tunamfahamu Zakayo mtoza ushuru kuliko tunavyomfahamu akida.

Mwaka 63 kabla ya Kristo ndugu wawili wa ukoo wa kifalme, Hyrcanus na Aristobulus, walikuwa wakigombania utawala wa Yerusalemu. Kila mmoja akapeleka maombi kwa jemadari wa Kirumi, Pompey, amsaidie. Pompey alisaidia kweli. Aliuteka mji, akaingia hadi Patakatifu pa Patakatifu, mahali ambapo hata Kuhani Mkuu aliingia mara moja tu kwa mwaka, na tangu siku hiyo Warumi hawakuondoka. Aliyeombwa kuwa mwamuzi akageuka mwenye nyumba.

Chuki ilikua polepole. Kodi ilikuwepo hata chini ya Mfalme Herode, tena nzito. Lakini mwaka 6 baada ya Kristo Warumi walipoanza kuitawala Uyahudi wenyewe na kuhesabu watu na mali zao, Yuda wa Galilaya aliwaambia wenzake kwamba kukubali kuhesabiwa ni kukubali utumwa, kwa kuwa nchi na watu ni mali ya Mungu. Kwa hiyo fedha peke yake haielezi hasira yao. Liwali wa Kirumi ndiye aliyemteua na kumwondoa Kuhani Mkuu. Hata mavazi yake ya sikukuu yaliwahi kuwekwa chini ya ulinzi wa Warumi, yakatolewa kwa idhini yao. Mwaka 66 liwali Florus alipochota talanta 17 katika hazina ya Hekalu, vita vikalipuka. Mwaka 70 Hekalu likateketezwa.

Sasa turudi Usangu. Kabla ya Mjerumani, Merere alikuwa mtawala mwenye nguvu, mwenye ng'ombe na pembe za ndovu, na makao yake yakiwa Utengule. Katika miaka ya 1870 Wahehe wa Munyigumba, baba yake Mkwawa, walimzidi nguvu. Watu wa Merere wakahamia milima ya Usafwa, upande wa Mbeya, na huko watoto wakazaliwa na kukua wakisimuliwa juu ya tambarare ambayo hawajapata kuiona. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza mwaka 1891 ni nani aliyemnyang'anya nchi yake, atakuonyesha upande wa Kalenga. Berlin hakuijua.

Tarehe 17 Agosti mwaka huo Mkwawa aliliangamiza jeshi la Zelewski pale Lugalo. Wajerumani walirudi na mizinga na kuiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, na katika kumwandama Mkwawa walihitaji marafiki. Wasangu wakawa nao. Ujira wao ulikuwa kurudishwa Usangu, na mwishoni mwa 1896 Uhehe ukagawanywa: upande wa magharibi kwa Merere, sehemu nyingine kwa Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Miezi miwili baadaye Mpangile akanyongwa na hao hao waliomtawaza, kwa kushukiwa kwamba alikuwa akimsaidia kaka yake. Rafiki mwingine angeshtuka.

Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898. Mwaka huo huo ilianza kodi ya nyumba, rupia tatu, na haikuuliza nani alikuwa rafiki na nani adui. Rupia haioti shambani. Ilibidi kuuza mazao au mfugo, au kubeba mizigo ya Mzungu. Huko Umatumbi na pwani ya kusini iliongezeka pamba ya lazima, yenye malipo madogo kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Akida, mgeni kutoka pwani, alisimamia kwa kiboko. Julai 1905 vita vya Maji Maji vikaanza, na Septemba Wabena walikuwa wakiishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe.

Na hapa ndipo muulizaji wetu hunyamaza. Katika vita hivyo Wasangu walikuwa upande wa Mjerumani, na Wahehe pia. Naam, watu wa Mkwawa, miaka saba tu baada ya kifo chake! Wenyewe Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wetu wametaja hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Tukitafuta wasaliti, basi tutawapata kila boma. Mimi siwaoni. Hapakuwa na Tanganyika ya kusalitiwa. Palikuwa na Usangu, Uhehe na Ubena, kila nchi na jeraha lake, na Mjerumani alijua kuyahesabu majeraha hayo kama Pompey alivyojua ugomvi wa wale ndugu wawili.

Wayahudi nao wana mtu wao wa kunyooshewa kidole. Josephus alikuwa kamanda wao Galilaya. Mwaka 67 alijisalimisha kwa Warumi, akamalizia maisha yake Roma akitunzwa na Kaisari. Wengi wamemwita msaliti. Lakini habari ya mavazi ya Kuhani Mkuu, ya Yuda wa Galilaya na maneno yake, na ya zile talanta 17, tumezipata katika vitabu vyake yeye.