Kwa nini sayari ya Mirihi huonekana ikirudi nyuma angani?

Kila baada ya takriban miezi 26, sayari ya Mirihi hufanya jambo la kustaajabisha: hupunguza mwendo, husimama, kisha hurudi ilikotoka kwa muda wa siku 60 hadi 80, kabla ya kugeuka tena na kuendelea na safari yake. Jambo hilo limewatia watu hofu kwa maelfu ya miaka, na yupo aliyelilipia kwa uhai wake.

Kwanza ni vema kutofautisha mienendo miwili. Katika usiku mmoja, Mirihi huchomoza mashariki na kutua magharibi kama Jua na Mwezi, kwa sababu Dunia inajizungusha. Lakini anayeitazama usiku baada ya usiku, akiilinganisha na nyota za jirani, ataona kwamba kwa kawaida husogea polepole kuelekea mashariki. Safari hii ya pili ndiyo hugeuka na kuelekea magharibi.

Wababeli wa kale, walioandika mienendo ya sayari katika vigae vya udongo, waliihusisha Mirihi na Nergal, mungu wa vita, tauni na kuzimu. Kwa Wagiriki ilikuwa ya Ares, na kwa Warumi ya Mars, mungu wa vita ambaye jina lake limebaki katika mwezi wa Machi. Wekundu wake uliwakumbusha damu. Leo twajua kuwa ni kutu ya chuma iliyomo katika vumbi lake.

Nchini China iliitwa Yinghuo, jina lenye maana ya moto unaotatanisha. Ilipogeuka na kukawia karibu na nyota nyekundu ya Antares, katika eneo lililoitwa Moyo, wanajimu walisema mfalme yumo hatarini. Mwaka wa 7 kabla ya Kristo, habari za ishara hiyo zilifikishwa kwa mfalme Chengdi wa enzi ya Han. Lawama zilimwangukia waziri wake mkuu, Zhai Fangjin, ambaye alishurutishwa kujiua. Majuma machache baadaye mfalme naye akafariki. Watafiti wa zama zetu waliporudia hesabu za anga, waligundua kwamba Mirihi haikuwa mahali hapo wakati huo.

Je, ni nini hasa kinachotokea? Mirihi hairudi nyuma hata hatua moja. Tuwafikirie wakimbiaji wawili katika uwanja wa mviringo. Dunia hukimbia njia ya ndani, kilomita 30 hivi kwa sekunde, na hulizunguka Jua kwa siku 365. Mirihi hukimbia njia ya nje, kilomita 24 hivi kwa sekunde, na humaliza mzunguko kwa siku 687. Dunia inapoifikia na kuipita, Mirihi huonekana kwetu ikibaki nyuma mbele ya nyota za mbali, kama vile gari tunalolipita barabarani linavyoonekana likirudi nyuma likilinganishwa na milima iliyo upeoni.

Maelezo hayo hayakupatikana kwa urahisi. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Alexandria aliyeamini kuwa Dunia imetulia katikati, alilazimika kuiwekea kila sayari duara dogo juu ya duara kubwa. Mwaka 1543 Copernicus aliliweka Jua katikati. Na mwaka 1609 Johannes Kepler, akitumia vipimo vya Tycho Brahe, alionyesha kwamba njia ya Mirihi si duara kamili bali ni duaradufu.

Siku hizi hofu imehamia zaidi kwa Utaridi, ambayo huonekana ikirudi nyuma mara tatu au nne kwa mwaka, kwa takriban majuma matatu kila mara. Wapo wanaoahirisha safari au kukataa kutia saini mikataba. Hapa chanzo ni kile kile, ila sasa Utaridi ndiyo inayotupita sisi.

Mirihi itarudi tena nyuma kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Aprili 2027, katika eneo la kundi la nyota la Simba. Itang'aa zaidi karibu na tarehe 19 Februari, ikichomoza mashariki Jua linapotua. Haihitaji darubini: yatosha kuchora mahali ilipo kila juma, na baada ya miezi mitatu mchoro wenyewe utaonyesha kitanzi.